Meno Sita ya Chini

Juzi nilienda Kawangware kutafuta mayai ya kienyeji, nikamkuta Dani ukutani mwa banda la kuku. Usinicheke, rafiki yangu. Dani ni nyanya, kwa sisi watu wa ziwani, na wangu tulimzika miaka mitano iliyopita. Lakini pale, kwenye bati lililoanza kushika kutu, uso wake ulikuwa unanitazama na kucheka, na jogoo anachakura chini ya kidevu chake. Uso huo niliuchora mimi, kwa mkono huu, nikiwa na miaka kumi.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Lindi, kule Kibera, Nairobi, mimi na mama na Dani, chumba kimoja cha mabati. Likizo ya Agosti ilikuwa ya baridi na manyunyu, mama akienda vibarua vyake, mimi nabaki na Dani, tunachambua omena, dagaa wa ziwani, na kusikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Jirani mwenyewe alikuwa mchoraji wa mabango. Ukiona kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, au kuku aliyenona kwenye mlango wa hoteli, ujue ni yeye.

Likizo hiyo alitukusanya watoto wa ploti, yaani wa ule ua wa vyumba vya kupanga, akatupa rangi zilizobaki kwenye mikebe na kazi moja tu: nendeni mkaulize hadithi za watu wenu, kisha mje mzichore. Tukamwambia sisi hatuna hadithi, sisi ni wa hapa hapa. Akasema, "Hata nyinyi mmetoka mahali."

Wee! Mimi nilidhani Dani alianzia Kibera. Kumbe mama yake alikuwa mfinyanzi, anatembea tangu alfajiri na vyungu kichwani hadi sokoni. Siku moja mto ulifurika, akakumbatia chungu kikubwa alichokiziba mdomo, kikaelea naye mpaka ng'ambo, na Dani mchanga amefungwa mgongoni. Nilisahau omena nikabaki nimeshika kichwa. Kama chungu kingepasuka, nilijiambia, mimi nisingekuwepo.

Nikauliza picha yake iko wapi. Mkono wa Dani ukaenda mdomoni kama kawaida yake.

"Hakuna picha. Sauti yake naisikia bado, lakini uso unanitoroka, kila mwaka unapungua. Nichoree kabla haujaisha wote."

Sasa utamchoraje mtu hujawahi kumwona? Dani alisema watu walikuwa wakiwafananisha sana. Basi nikamkalisha kwenye kigoda mlangoni, nikaanza kumnakili ukutani pale nje, nikimtoa mikunjo. Siku tatu nzima! Bati lina mawimbi, pua ikawa inakimbia huku na huku mpaka mchoraji aliponisaidia. Mdomo niliufanya mwenyewe. Nilitaka mama wa Dani awe anacheka, nikampangia meno meupe, mengi, juu na chini, kama ya tangazo la dawa ya meno. Nikaita watu wote wa ploti waje waone.

Dani akatoka akipangusa mikono kwa leso. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Huyu si mama," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nililia, sikufichi. Kilichoniuma si uchoraji, ni kwamba nilikuwa nimempa mtu mwingine mahali pa mama yake, na ule uso wa kweli ulikuwa unaendelea kuisha. Mchoraji akaja kukaa karibu nami. Akaniambia mteja akikataa bango hubishani naye, unamuuliza ni wapi pamekosewa.

Nikaingia. Dani alikuwa ameketi kitandani. Nikamuuliza nimekosea wapi. Alishika kidole changu akakitia mdomoni mwake, chini, mbele. Palikuwa patupu, laini, upana wa meno sita. Nilijua ana pengo, lakini nilidhani ni uzee. Akanieleza kwamba zamani kwao kila kijana aliyekua aling'olewa meno sita ya chini, na hukuruhusiwa kulia, ukilia unaaibisha nyumba. Siku yake ilipofika, mama yake ndiye aliyemshika kichwa. Ilipokwisha, mama akafungua mdomo wake mwenyewe, akamwonyesha pengo lake, akacheka mpaka Dani naye akacheka na damu yake mdomoni.

Halafu Dani akaja Nairobi, watu wakamcheka kwa namna nyingine. Ndipo mkono ukajifunza kupanda mdomoni. Maisha yangu yote nilikuwa nikiuona huo mkono, nikidhani ni adabu tu ya wanawake wa zamani.

Nikatoka na rangi nyeusi iliyobaki kwa kile kichwa cha ukuta wa kinyozi. Nikafuta meno sita ya chini, moja moja, kisha nikamwita. Dani akaja mbele ya lile bati. Akashusha mkono. Akacheka wazi, pengo lote nje, ploti nzima ikimtazama.

"Oyawore, mama," akasema. Yaani umeamkaje, na ilikuwa jioni.

Kutoka siku hiyo alimwamkia kila asubuhi kabla ya chai. Baadaye nyumba zile zilibomolewa, tukahama, na mwenye nyumba akabeba mabati yake kwenda kwake Kawangware. Sikufikiria kuyaulizia. Ploti, kinyozi, mchoraji, redio ya ukutani, sijui vyote viliishia wapi.

Mjane wa mwenye nyumba, shosho mmoja mzee na mcheshi, alitoka na mayai akanikuta nimeganda pale. "Huyo mama unamjua? Mjukuu wangu anataka kumwekea meno, ati aliyemchora alisahau."

Nikamwambia tafadhali asimguse, kisha nikamweleza yote. Akasema nimletee bati lingine Jumamosi, kuku wasipigwe na baridi, nimchukue mtu wangu.

Picha za Dani ninazo nyingi kwenye simu, za kanisani, za arusi, za Krismasi. Nilizipitia zote pale nimesimama. Katika kila moja mkono uko mdomoni. Mahali pekee anapocheka wazi ni pale kwenye banda la kuku.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikamsogelea.

"Oyawore, Dani."