Punda Anayenenepa kwa Kunusa

Kuna asubuhi moja ya kiangazi ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nakuhadithia leo kwa sababu nimesikia umenunua punda hapo Bombambili, na kila jioni unampa ndoo nzima ya pumba. Wanaoniletea habari wanakusifu. Mimi sikusifu, kwa kuwa niliwahi kusifiwa hivyo hivyo.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nyumbani kwetu Ruhuwiko. Mama nyonga ilimuuma, hawezi kubeba ndoo wala kuni. Maji tuliyachota bondeni, na aliyeyapandisha ni punda wetu, Tajiri. Bila yeye ningeshinda njiani na ndoo kichwani, na shamba lingekosa mtu. Kwa hiyo nilimpenda, na niliogopa asije akashikwa na njaa.

Mwaka ule wawinda panya waliwasha moto mapema, ukala nyika yote hadi ukingo wa barabara. Nikasema, Tajiri hafi njaa mimi nikiwa hai. Asubuhi nikampa pumba za mahindi, jioni machicha niliyoomba kwa akina mama wanaopika pombe mtaani. Majani machanga yalipochipua kwenye majivu, nikamfunga papo hapo ashibe. Basi akanenepa! Shingo ikawa nene, mbavu huzipati hata ukizitafuta kwa kidole. Majirani wakipita wanasema, "Punda wa binti huyu anakula kuliko sisi." Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikaongeza pumba.

Ndipo ikaja asubuhi hiyo. Nilimkuta Tajiri ameegemea nyuma, miguu ya mbele kaitanguliza kama mtu aliyekanyaga makaa. Nikamvuta, hakuinua hata ukwato mmoja. Nikazigusa kwato za mbele, zilikuwa za moto. Mama aliposikia akakaa kizingitini akalia, nami nikalia naye.

Kaka yangu mkubwa, mwenye kauli nyumbani tangu baba afariki, alimzunguka mara moja tu.

"Huyu keshaisha," akasema. "Mvua zikimkuta hajatembea, anachinjwa."

Nilijifunga kitenge kiunoni nikaenda Msamala kwa Mzee Ngonyani, aliyefuga punda tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza, akaitikia na kuinuka papo hapo. Tulipofika hakumtazama punda kwanza, alitazama ndoo. Akachota machicha, akanusa.

"Nani amekutuma umlishe hivi?"

"Hakuna, babu. Malisho yameungua. Niliogopa atakufa njaa."

"Njaa!" Akacheka cheko lisilo na furaha. "Mjukuu wangu, wako wanyama ukiwapa ghala zima wanabaki mifupa. Na wako wa namna hii, wananenepa kwa kunusa tu. Punda ni kiumbe wa nchi kame. Wewe umemfanyia harusi kila siku, sasa harusi imemshukia miguuni."

Aibu ikanigeuka hasira. Nikaipiga ndoo teke, machicha yakamwagika. "Basi kuanzia leo hali kitu!"

Hapo ndipo aliponigombeza kweli, na sauti ile naisikia mpaka leo. "Ukimfungia njaa punda mnene, unamuua! Mafuta yake mwenyewe yatamgeukia. Umekosea kwa kujaza, sasa unataka kukosea kwa kukomoa? Mpe kikavu, kidogo kidogo, mara nyingi. Mdomo ufanye kazi, ila utamu usiingie tumboni."

Kikavu nitakitoa wapi, na nchi imeungua? Nyasi zilibaki makaburini tu, kwa sababu hakuna anayethubutu kuwasha moto pale. Nikamwomba katekista aliyeyasimamia, akaniruhusu, mradi nifyeke hadi mwisho, nisiache vichaka. Kila alfajiri nilifyeka nyasi zile ngumu. Mzee akanifundisha kufuma wavu wa kamba za katani wenye matundu madogo, ili Tajiri avute unyasi mmoja mmoja na ashinde anatafuna. Nikamwagia mchanga laini mahali aliposimama. Na maji, mwanangu! Maji aliyozoea kunipandishia yeye, sasa nilimpandishia mimi, kwa kichwa, ili nimpoze kwato. Waliokuwa wakinisifu wakanicheka: "Njooni mwone, punda anaogeshwa!" Shingo iliniuma mpaka nikalala kwa ubavu mmoja, lakini nilikuwa nimeapa Tajiri hachinjwi.

Kila jioni kaka alikuwa akitazama mawingu. Siku moja, radi zimeshaanza kunguruma upande wa milima ya Matengo, nilikuwa nimeinama nyuma ya Tajiri naokota kinyesi, punda akanipiga teke la paja nikaanguka chali. Nikacheka mpaka kaka akadhani nimechanganyikiwa. Wasemao shukrani ya punda ni mateke hawajui teke lile lilivyokuwa tamu. Maana punda hawezi kurusha miguu ya nyuma mpaka ya mbele ikubali kumbeba.

Kesho yake alitembea hadi mlangoni kwa mama, polepole. Kaka alisimama akamtazama, kisha akaenda kuchukua mundu wake. "Hayo makaburi," akasema, "bado yana nyasi?" Tangu siku ile tulifyeka wawili. Mzigo Tajiri hakubeba mpaka Mzee Ngonyani aliporidhika, na baada ya hapo alimpandishia mama maji miaka mingi.

Watu husema punda afe mzigo ufike. Neno hilo silipendi. Mzigo wa kesho ataubeba nani?

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mjue mnyama wako kabla hujamwonea huruma. Mpapase mbavu kila wiki, usingoje jirani akuambie kanenepa. Malisho yakiwa haba, mtafutie nyasi kavu na mabua, umgawie kidogo kidogo, na pumba waachie kuku. Ukiona umezidisha, punguza taratibu, usimkomoe. Na hata watoto utakaowazaa, usiwapende kwa ndoo.

Jumamosi nakuja Bombambili, mkongojo wangu na mimi, na nisiikute ndoo hiyo bandani. Mungu akujalie mkono unaojua kutoa na unaojua kuzuia, na punda wako akupige teke ukiwa mzee kama mimi. Amina.