Wimbo wa Kunyanyulia Reli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau. Ni siku niliyotaka kuwaonyesha wakubwa kwamba najua kuimba. Cheka tu. Mama yako nilipomsimulia mara ya kwanza alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Nimesikia reli imepata wenyewe wapya tena, njia inafumuliwa na kutandikwa upya, na wewe Upendo wangu umepewa genge lako la kusimamia. Nimefurahi, jamani! Nimewapigia simu hata watu niliokuwa siongei nao. Lakini kabla hujafunga begi, kaa hapa kidogo nikwambie la kwangu.

Wakati ule nilikuwa kijana wa Soweto, Mbeya, mwanakwaya wa sauti ya tatu, na kichwa kimenivimba kwa sifa za akina mama wa kanisani. Reli ndogo ya mizigo huko upande wa Mgololo ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine. Mataruma yake ya mbao, yale yanayolala chini ya reli, yalikuwa yameoza, na treni ya magogo ilitambaa hivi kwamba mtu wa baiskeli aliipita huku akimpungia dereva mkono. Wenyewe wapya wakasema wanaing'oa yote: mataruma ya zege, reli nzito, kokoto mpya. Wakatafuta vijana. Nikapanda basi mpaka Nyololo, nikashuka na blanketi langu, nikadandia lori la mbao hadi kambini. Baridi ya kule, weee! Ukungu unakuamsha kabla ya jogoo.

Nilipewa kazi ya kukaza nati. Kubeba reli ilikuwa kazi ya wanaume wengine ishirini, wamesimama wawili wawili, kila wawili wameshika koleo moja refu la chuma la kubania reli. Reli ile ni nzito, mwanangu. Wakinyanyua kumi na tisa na mmoja akachelewa, uzito wote unamwangukia huyo mmoja. Kwa hiyo walinyanyua kwa wimbo, na aliyewaimbisha alikuwa Mzee Kihwele, Mhehe mmoja mfupi, mpole, mwenye sauti ya mlango usiotiwa grisi.

Wimbo wenyewe hata si wimbo. Mzee anauliza, "Wote jamani?" Wanaitikia, "Wote!" Anasema, "Chuma!" Wanajibu, "Juu!" na hapo hapo wananyanyua. Basi. Na alivyouimba polepole! Mara nyingine aliuliza "Wote jamani?" mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyesahau kwamba ameshauliza. Mimi nikikaza nati zangu nilikuwa nang'ata meno. Nilijiambia, Bwana, sauti ninayo, na huyu mzee anastaafu karibuni. Nafasi yake nikiikosa, nitakuwa mjinga. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, nakwambia ukweli. Mwimbishaji alikuwa mtu. Hata wapishi walimwekea ukoko wa wali bila kuombwa.

Siku ikaja, wenye reli wapya wakaja kutazama kazi, wamevaa kofia nyeupe safi. Mzee Kihwele alikuwa na kikohozi. Nikamwendea, nikamwambia kwa adabu zote, "Mzee, pumzika leo, nikusaidie." Akakohoa. Akasema, "Haya, baba. Imbisha."

Loo! Nilipanda juu ya lundo la kokoto ili nionekane. Nikawageukia wale wageni, nikaanza. "Wote jamani" yangu ilikuwa na mapambo ya Krismasi. Wakaitikia, wengine wakitabasamu. Nilipofika kwenye "Chuma" nikaivuta, nikaipandisha, nikaishusha, nikairudia kwa madoido kama tunavyofanya kwenye mashindano ya kwaya. Nusu ya watu wakanyanyua kwenye ile ya kwanza. Nusu wakasubiri ya pili.

Reli ikainuka upande mmoja, ikapinda, ikaanguka. Mlio wake nausikia hata sasa. Mwishoni kabisa mwa mstari alikuwa Baba Tumaini, Msafwa mmoja mwenye bega bovu, mtu wa taratibu katika kila kitu. Nilimwona amekaa chini ameshika mguu. Nikajua nimelemaza mtu mwenye watoto watano.

Baba Tumaini akavua buti taratibu. Ncha ya buti ilikuwa imekatwa kabisa. Akahesabu vidole vyake kwa sauti, kimoja kimoja, sote tumemzunguka. Akasema, "Vyote vitano vipo. Kiatu ndicho marehemu." Genge zima likaangua kicheko, hata wale wa kofia nyeupe. Mimi nililia, mwanangu. Nililia pale pale mbele za watu, na sikuona aibu.

Mzee Kihwele hakunifokea mbele ya wageni. Alisubiri wakati wa chai, akaja na kikombe chake, akakaa karibu nami.

"We kijana, ulikuwa unamwimbia nani?"

"Nilikuwa naimba tu, mzee."

"Baba Tumaini alikuwa ameshashika?"

"Sijui."

"Hujui." Akanywa chai yake. "Kesho acha nati. Utashika koleo pamoja naye. Na hilo domo litumie kuitikia."

Nikashika koleo wiki tatu. Mikono ikachubuka, mgongo ukawa si wangu, na Baba Tumaini kazi yake ikawa kunitania. "Mwanakwaya, leo tunaimba sauti ya ngapi?" Alinifundisha pa kuweka miguu. Asubuhi yenye ukungu koleo linateleza, inabidi ufute mikono kwenye suruali, ushike tena, uvute pumzi. Hapo ndipo nilipomwona vizuri Mzee Kihwele. Hakutazama wageni, wala reli. Alitazama mikono yetu, akianzia mwanzo wa mstari hadi kwa Baba Tumaini. "Wote jamani?" niliyoidhani pambo la wimbo ilikuwa swali kweli, na alikuwa anasubiri jibu. Watu kumi na tisa walipoitikia na mmoja bado anafuta jasho, aliuliza tena. Hakuwahi kusahau hata siku moja, mzee yule.

Tukafika reli ya mwisho. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamekuja na ngoma, na vyungu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, viko kivulini vinangoja. Wale wa kofia nyeupe wakaja tena. Mzee Kihwele alibakiza siku chache tu astaafu. Akanitoa kwenye mstari kwa kidole, mtu wa nati akashika koleo langu. "Njoo uimbishe."

Safari hii nilisimama chini, nimewapa wageni mgongo. "Wote jamani?" Wakaitikia kwa kishindo, "Wote!" Lakini nilimwona Baba Tumaini anahamisha mkono. Nikangoja. Kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia mgeni mmoja nyuma yangu ananong'ona, "Kasahau wimbo, masikini." Maneno yalinichoma, usinione hivi. Nikauliza tena, "Wote jamani?" Baba Tumaini akashika, akanikonyeza jicho, akaitikia peke yake, "Wote!"

"Chuma!"

"Juu!"

Ikapanda yote kwa pamoja, mwanangu, nyepesi, ikaenda kukaa mahali pake. Jioni treni ikapita na magogo yake kwa mwendo wa maana, akina mama wanapiga vigelegele, sisi tunarushiana kofia. Mzee Kihwele akaja kunishika mkono huku anacheka mpaka jino lake moja linaonekana.

"Leo umeimba vibaya kabisa," akasema. "Nafasi ni yako."

Basi, Upendo. Najua sasa mna mashine za kunyanyua, na wewe una vyeti nisivyoweza hata kuvisoma. Watakuja wageni kukutazama, na utatamani waone ulivyo hodari. Wape mgongo. Watazame watu wako, na yule wa mwisho mtazame zaidi. Ukiuliza kama wako tayari, uliza kweli, kisha ungoje, hata wenye kofia nyeupe wakidhani umesahau kazi. Akikosea kijana wako, usimvunje mbele za watu. Mshikishe koleo.

Nenda, mama. Mungu akupe macho ya kumwona anayechelewa na kifua cha kumsubiri. Na wale utakaotoka nao asubuhi, jioni urudi nao wote, mle pamoja.