Holda Yangu Ilipomchagulia Njeru Mke

Mimi sina haya nyingi, nimeshawahi kuomba maji ya kunywa kwenye boma ambalo mbwa wake walikuwa wametoka kunifukuza, lakini kuna nyumba moja pale Nkubu ambayo hadi leo nikikaribia navuka barabara na kujifanya naangalia migomba ya ng'ambo. Sababu ni holda ya balbu. Ndiyo, holda, kile kikombe cheusi kinachoshika balbu kwenye dari, kitu ambacho watu wengi wanaishi na kufa bila kukitazama mara mbili, na mimi kiliniaibisha mbele ya koo mbili.

Asubuhi hiyo nilitoka Kibirichia bila mpango (mimi hutoka kila mahali hivyo, nikiwa na mpango huwa sifiki). Nilikuwa nimekaa kwa kaka yangu msimu mzima wa viazi, mchana nachimba, na jioni nashughulika na swali lililokuwa limeniingia kichwani: kwa nini balbu ya nyumba inaangalia mahali pamoja maisha yake yote, hata kama watu wamehamisha meza, wamehamisha kitanda, mtoto anasomea kwenye kona na taa inamulikia kabati? Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu ya maswali kama hayo, nikiulizwa hesabu za sehemu nilikuwa nafikiria kengele inalia kwa nini. Basi nikatafuta kifundo cha kioo cha pikipiki, ile gololi ya chuma inayokubali kugeuzwa kila upande ikakaa ulivyoiacha, nikaitoboa katikati nikapitisha waya, chini yake nikafunga holda na kofia ya bati la mkebe ya kukusanya mwanga, na ili isiteleze nikaiwekea ndani kipande cha tyubu ya baiskeli nilichobandika kwa gundi ya kuzibia pancha. Ukiishika ukaisukuma, balbu inaangalia kona, inaangalia jiko, inaangalia popote unapotaka. Niliiita shingo. Kwa kaka ilikaa mwezi mzima na haikuteleza hata kidogo. (Lakini mkumbuke, niliijaribu kwa balbu ndogo nyeupe ya kuokoa umeme, ambayo haina moto, na niliijaribu Kibirichia, ambako mafuta ya kupikia yanakaa mkebeni kama jiwe mpaka jua lipande.)

"Mwenda," kaka akaniambia, "hiyo shingo yako itakulisha lini?"

Nikaitia mfukoni na bisibisi yangu, nikapanda lori la viazi bila kuuliza linaenda wapi. Dereva aliposimama Nkubu kunywa chai nilishuka nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu mimi siwezi kupita duka la namna hiyo kama vile wengine hawawezi kupita baa. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Akaingia mama mmoja mwenye gauni la sherehe na gambuti za mpira miguuni, akapiga meza ya duka kwa kiganja.

"Nipatie balbu kali kuliko zote! Wageni wa mahari wako njiani kutoka Ishiara, hema imelowa, tumewaingiza watu wote ndani, na hiyo hema imeziba madirisha, sebule ni giza kama tumbo la ng'ombe!"

Huyo alikuwa Anti Karimi, shangazi wa bibi harusi, na mimi ningenyamaza ningekuwa mtu wa heshima hadi leo.

"Mama," nikasema, "shida yako si balbu. Shida ni inaangalia wapi."

Akanitazama kutoka viatu kwenda juu. Nikatoa shingo nikaigeuza mbele yake, huku, kule, huku.

"Inaweza kuangalia wageni peke yao?" akauliza.

"Inaweza."

"Basi kuja. Nataka kuona uso wa mtu akiniambia hana mbuzi."

Nyumba ilikuwa ya ndugu yake, Mzee M'Ikiao, baba wa bibi harusi, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, mtu wa kofia na maneno machache. Alisimama kando ya stuli yangu wakati wote nikifunga, akaniuliza maswali ya maana kuhusu waya, na nilipomaliza akaishika mwenyewe, akaielekeza kwenye saa ya ukutani, akaielekeza kwenye picha ya mkewe, akairudisha. Akasema ana vyumba vya kupangisha pale nyuma, vyumba kumi, vyote vinangoja kuwekwa umeme, na kama kitu hiki kitatumika vizuri mpaka wageni waondoke basi vyumba vyote kumi vitawekwa shingo. Jamani, mimi maishani nilikuwa sijaambiwa maneno kama hayo.

Kisha akaiangalia balbu yangu ndogo nyeupe.

"Hii inafanya watu wakae kama wametolewa mochari. Weka hii." Akanipa balbu kubwa ya zamani, ile ya waya ndani, yenye mwanga wa manjano. "Itawezana nayo?"

Hapo ndipo pa kusema, mzee, hiyo sijawahi kuijaribu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuvihesabu vile vyumba.

"Itawezana," nikasema.

Wageni wakafika, wakafuta matope, wakakaa kwenye benchi lao, na shingo ikawamulika vizuri kabisa. Katikati alikaa mjomba wa bwana harusi, Mzee Nyaga, mnene, tai nyekundu, na kando yake bwana harusi mwenyewe, Njeru, amekaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Mchungaji wa kanisa lao akasimama, akatuambia tufumbe macho, tukafumba.

Sasa, mimi katika maombi marefu huwa nafungua jicho moja (ni udadisi tu, si ukaidi). Nikaona mwanga uliokuwa kwenye paji la uso la Mzee Nyaga uko kwenye kidevu. Nikafikiri mzee amejinyoosha. Mchungaji akaombea mavuno, mwanga ukawa kwenye tai. Akaombea vijana wasio na kazi, nikasema amina kwa sauti kuliko wote, mwanga ukawa kwenye tumbo, na wakati anafika kwa wasafiri walio barabarani mwanga ulikuwa kwenye magoti na unaendelea na safari. Nikaelewa. Ile balbu kubwa ilikuwa jiko, gundi imelainika, na shingo inainama polepole kama mtu anayesinzia kanisani. Ningefanya nini? Nisimame juu ya stuli katikati ya maombi?

Amina ikasemwa, na kabla sijainuka mlango wa ndani ukafunguliwa, akina mama wakaanza kuimba, wasichana wakaingia.

Kwa asiyejua, kuna desturi hii: kabla ya maneno ya mahari, bibi harusi anafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni pamoja na wenzake wa kimo kimoja, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtoe wake. Hakuna kugusa, hakuna kuongea. Akikosea analipa mbuzi, na huyo mbuzi si kitu, kitu ni kwamba atasimuliwa mpaka azeeke. Wasichana walikuwa watano. Njeru akasimama mbele yao, akameza mate, akaangalia wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nyuma yake shingo, ambayo waya wake nilikuwa nimeusokota kidogo wakati wa kufunga, ikaamua kugeuka. Mwanga ukahama kutoka kwa wageni, ukavuka kapeti, ukapanda kwenye leso ya msichana wa nne, ukasimama pale. Mduara mzuri wa manjano, yeye peke yake ndani.

Nyumba nzima ikasema, "Uuuui!"

Njeru akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeokolewa, akatembea moja kwa moja.

"Huyu!"

Leso ikafunuliwa. Alikuwa binamu wa bibi harusi, anaitwa Makena, anatafuna chingamu.

Kicheko kilichotoka hapo kingeangusha mabati, lakini hakikudumu, kwa sababu msichana wa pili alijivua leso mwenyewe. Huyo ndiye Kendi.

"Njeru," akasema. "Kumbe mimi unanijua kwa taa?"

"Kendi, si ilikuja yenyewe! Nilidhani ni wewe umenitumia."

"Nikutumie taa?"

"Nilidhani ni mpango wenu..."

"Mtu amechaguliwa na balbu, halafu anasema ni mpango." Akaingia jikoni akafunga mlango, na tukasikia komeo.

Mzee Nyaga akachukua kofia yake magotini, hakuivaa, aliishika tu, lakini kila mtu aliona anataka kuondoka. Anti Karimi akanigeukia.

"Wewe! Mimi nimekuokota dukani! Nani alikutuma? Ni hawa watu wa Ishiara?"

"Sisi?" Mzee Nyaga akasimama. "Huyu hatumjui hata jina! Ni nyinyi mmepanga taa ya uongo ili mle mbuzi wa faini!"

"Mbuzi wenu tutamtaka wa nini, amekonda njiani!"

Mzee M'Ikiao hakuinua sauti. Alinyoosha tu kidole kwenye stuli, kama anavyomwita mtoto ubaoni, na mimi nikapanda, macho yote yakanifuata, nikaishika shingo niwaonyeshe, na kwa haraka nikasahau ilikuwa imepata moto kiasi gani, nikapiga kelele ambayo sitaieleza hapa ila mchungaji alikohoa.

"Hakuna aliyenituma," nikasema huku nanyonya vidole. "Ni gundi. Ikipata moto inalegea, ndiyo imeinama. Ingeweza kumuangukia yeyote, hata mchungaji."

"Gundi gani?" Mzee M'Ikiao akauliza.

"Ya pancha."

"Ya pancha. Na ulinijibu vipi nilipokuuliza?"

"Nilisema itawezana."

"Ulikuwa umeijaribu na balbu hii?"

"Hapana, mwalimu." (Mwalimu ilitoka yenyewe. Huko juu kwenye stuli nilikuwa darasa la saba tena.)

Kisha Njeru akaenda kwenye mlango wa jikoni akainamisha kichwa.

"Kendi, umesikia? Ni pancha."

Mama mmoja akaanza kucheka kwenye leso yake, lakini wengine wakangoja. Sauti ya Kendi ikatoka ndani.

"Zimeni hiyo kitu. Tupangwe tena. Achague bila taa, na akikosa arudi Ishiara na mbuzi wake wote."

Hakuna aliyecheka hapo. Anti Karimi alisema, "Kendi, mwanangu, usiseme hivyo," na Kendi akasema ameshasema. Taa ikazimwa. Na ile hema madirishani na mvua, ulikuwa unaona watu kama magunia tu. Wasichana wakaingia tena, wamefunikwa, wamebadilishana nafasi. Mimi nilikuwa bado juu ya stuli, niliogopa hata kushuka, nikawa naomba kwa macho yote mawili yakiwa yamefumbwa safari hii, kwa sababu vile vyumba kumi nilikuwa nimevisahau kabisa, nilichokuwa nafikiria ni kwamba watu wawili wanaweza kuachana kwa sababu mimi niliona uvivu kusema neno sijui.

Nilipofumbua, Njeru alikuwa mbele ya wa kwanza, anasikiliza. Huyo alikuwa anajizuia kucheka. Akapita. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu, chingamu. Kwa wa nne akasimama muda mrefu, nikasikia mvua, nikasikia mtu anavuta pumzi kwa pua, nguvu, kama fahali aliyezibiwa njia.

"Huyu," Njeru akasema. "Huyu ndiye amekasirika. Hiyo pua nimeizoea."

Leso ikafunuka, mtu akawasha tochi ya simu, na Kendi alikuwa ameuma mdomo, anajaribu kubaki na hasira, na akashindwa. Vigelegele vilivyopigwa vilinifanya karibu nianguke na stuli. Mzee Nyaga akaiweka kofia chini.

Mbuzi wa faini alilipwa kwa lile kosa la kwanza, desturi ni desturi, na mimi nilipewa sahani ya nyama kama wengine, kisha Mzee M'Ikiao akanirudishia shingo ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

"Vyumba vyangu nitaweka holda za kawaida," akasema. "Taa nataka ikae mahali nimeiweka. Isiwe na maoni."

Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Mzee Nyaga ndiye aliyenichukua kwenye pikapu yao jioni hiyo. "Umetugharimu mbuzi," akasema, "kuja basi uone mahali mbuzi wanatoka." Njia nzima kuteremka Ishiara alikuwa kwenye simu anasimulia watu, na kila aliyepigiwa alicheka mpaka mimi namsikia. Tulipofika jua lilikuwa linaisha lakini joto bado liko chini ya miguu, na harufu ya mbuzi na vumbi la ndengu, mahali sijawahi kukanyaga. Akanishusha kwenye nyumba ya wageni ya Mama Wanja, mama mfupi mwenye funguo shingoni, ambaye alinionyesha chumba kisafi, kitanda, beseni, taulo. Kisha akavuta kiti, akapanda, akaifungua balbu kwenye dari, akaitia mfukoni mwa aproni yake.

"Nyaga amenipigia," akasema. "Amesema nisikuache na balbu."

Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitaweka tena kitu changu mbele za watu kabla sijakitesa mimi mwenyewe siku nzima kwa moto wake wote, na mtu akiniuliza kama kitawezana na sijui, nitasema sijui. Nikalala chali. Mkononi nilikuwa na ile shingo, nikaichokonoa kwa kidole, tyubu imejikunja, gundi imekuwa kama ugali wa jana. Haitaki gundi hii. Inataka kitu cha kukazwa kwa nati, kisichojali moto. Nje mbuzi alilia. Nikaketi.

"Mama Wanja!" nikaita kupitia mlangoni. "Hapa mtu anapata wapi kipande cha ngozi ya mbuzi?"

"Lala," akajibu.