Mfagizi Aliyetufundisha Kuuliza

Saa nne asubuhi, wodi ikishatulia, Mama Elieth alifungua kopo lake la plastiki kwenye chumba cha mafagio, na sote tuliokuwa zamu tulijua kuna michembe. Viazi vitamu hivyo vilivyokatwakatwa na kukaushwa alivichemsha alfajiri kabla ya kuja kazini, akavichanganya na karanga za kutwanga. Sisi wauguzi, vitambulisho vyetu shingoni, tulisimama pale kati ya ndoo na madumu ya sabuni tukila kwa vidole. Nilistaafu mwaka juzi. Nikikuta michembe imeanikwa kwenye gunia sokoni hapa Tabora, husimama kidogo nikamkumbuka.

Jina lake hasa ni Paskazia Mahona. Alitoka kijiji kimoja upande wa Igunga, mjane, akaja mjini na binti yake mmoja, Elieth, akapanga chumba mtaa wa Itetemia. Serikali haikumwajiri. Aliletwa na kampuni ya usafi iliyokuwa na mkataba na hospitali yetu, akapewa gwanda la kijani lililompwaya mabegani. Alinizidi miaka saba, na kwa miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kumpa shikamoo. Yeye ndiye aliyeniamkia mimi, "Habari za asubuhi, Sista," nami nikaitikia huku nikisoma mafaili.

Mimi, Swaumu, ni mtoto wa mtaa wa Chemchem hapahapa mjini, mjukuu wa fundi cherehani. Kiswahili ndicho nilichokua nacho. Kinyamwezi nakisikia kidogo, Kisukuma nilijua salamu tu. Wenzangu walihamishiwa huku kutoka Moshi, Songea na Mtwara. Wagonjwa nao walifika kwa basi kutoka Igunga na Nzega, au kwa treni kutoka upande wa Urambo. Mji huu umepokea watu wa kila lugha tangu enzi za misafara, tukajidanganya kwamba kila anayefika hapa anaelewa Kiswahili chetu cha haraka haraka.

Tulijidanganya hasa kwa wazee. Mzee wa kijijini ukimwuliza jambo asilolielewa, hatakwambia hajaelewa. Atakuitikia ndiyo, kwa adabu, kwa sababu wewe umesoma na umevaa sare. Tulizipokea ndiyo hizo, tukaziandika kwenye mafaili, tukaenda kitanda kinachofuata.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa Jumanne, mwaka 2013, mvua za masika zikiwa zimeanza. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na sita. Kitanda cha kumi na moja alilazwa Mzee Masanja, mfugaji kutoka Igunga, mguu umevimba kwa jeraha la siku nyingi na homa inapanda. Mwanawe Samweli, mtu mzima mwenye familia yake, ndiye aliyemleta, lakini saa ile alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Daktari Ezekia alikuwa ameandika penisilini. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikamwendea mzee.

"Mzee, huna aleji na dawa yoyote, sivyo?"

"Ndiyo," akasema, akitabasamu.

Nikaandika kwamba hana.

Nilipomshika mkono alilitazama lile bomba, tabasamu likatoweka usoni. Akaanza kusema peke yake kwa Kisukuma, polepole, macho juu ya dari. Nikadhani anasali. Mama Elieth alikuwa anapiga deki penye kitanda cha pili kutoka pale. Nikasikia fimbo ya deki ikianguka sakafuni.

"Sista, subiri."

"Mama Elieth, unaona wagonjwa walivyo wengi."

"Subiri kwanza. Mzee anauliza ataagana na nani, maana mwanawe hayupo."

"Aagane kwa nini? Hii ni sindano tu."

Alikuja akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mzee, palepale nilipotaka kuchoma, kikiwa bado kimelowa maji ya deki. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia atoe mkono wake mchafu, kwamba ile si kazi yake, kwamba nitamwita msimamizi wake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa.

"Nitautoa, Sista," alisema. Mkono haukusogea. "Weka sindano chini, nitautoa."

Nikaiweka kwenye sinia. Yeye akachuchumaa, akamwamkia mzee, "Mwangaluka, baba," akangoja aitikiwe mpaka mwisho, ndipo akamwuliza. Mzee Masanja alisema kwa muda mrefu. Alijishika midomo, kisha koo, kisha akaonyesha jinsi mtu anavyoanguka.

Mama Elieth akanigeukia. Misimu miwili ya mvua iliyopita, alisema, mzee alichomwa sindano ya jeraha kwenye zahanati moja. Midomo ikavimba, koo likaziba, akaanguka, akaja kuzinduka kesho yake. Walimwambia asichomwe tena dawa ile maisha yake yote, wakampa karatasi. Karatasi ikaliwa na mchwa. Jina la dawa hakulijua, ila sindano ya jeraha aliijua.

"Sasa kwa nini hakusema?" niliuliza.

Akamwuliza, akanipa jibu. "Anasema hii ni hospitali kubwa. Alidhani mnajua zaidi ya wale, na kama mmeamua afe, yeye ni nani akatae."

Nilimwita Daktari Ezekia. Samweli aliporudi na kusikia, alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwepo siku ile ya zahanati, ndiye aliyembeba baba yake. Dawa ikabadilishwa. Mimi nilienda kwenye chumba cha mafagio, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Alasiri ile msimamizi wa kampuni ya usafi alipata habari kwamba mfagizi wake ameingilia matibabu na kumshika mgonjwa. Akaandika barua ya onyo. Mama Elieth aliniletea, maana kusoma kulimpa shida.

"Nisomee, Sista."

Nikamsomea.

"Wanasema nimekosa?"

"Ndivyo wanavyosema."

Aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. "Basi nitasaini. Mzee yuko hai."

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya metroni na madaktari, nilisimama. Miaka ishirini na miwili kazini sikuwahi kukiri kosa mbele za watu. Niliwahi kuona wenzangu waliokiri walivyopata taabu. Nikasema, "Aliyekosa jana ni mimi. Nilimwuliza mgonjwa swali la kumalizia kazi, na jibu lake nikalichukua nilivyotaka. Mama Elieth amepewa barua ya onyo kwa kuniokoa nisiue mtu."

Kisha Daktari Ezekia, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwetu, akanyoosha mkono. "Na mimi. Niliandika dawa bila kumwuliza chochote."

Metroni alikuwa mama mkali tuliyemwogopa kuliko ukaguzi. Alivua miwani, akaifuta kwa muda. "Huyo mama yuko wapi saa hizi?"

"Anafagia korido."

"Mwiteni."

Barua ya onyo ilifutwa siku hiyohiyo. Mimi niliandika taarifa, ikajadiliwa kikaoni, na sikufukuzwa kama nilivyoogopa. Kabla ya zamu kuisha nilimfuata Mama Elieth koridoni nikamwambia, "Shikamoo." Aligeuka nyuma kuangalia nani mwingine amesimama pale. Alipoona hakuna, akacheka kwa aibu. "Marahaba, Sista."

Tangu hapo kila asubuhi aliketi mapokezi kwa muda wa saa mbili, akitutafsiria. Muda zaidi alikataa, maana nani angepiga deki? Sisi alitufundisha bila kujua kwamba anafundisha. Usimwulize mtu swali la kuitikia ndiyo, alisema, mwambie akusimulie. Ukimsalimia, ngoja salamu iishe. Tuliandika maswali kwa Kisukuma na Kinyamwezi kwenye kipande cha boksi, yeye akitamka nasi tukiandika tulivyosikia. Tulipoyasoma mbele za wagonjwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakishacheka, walisema wenyewe yanayowasumbua. Hiyo miaka, nikiikumbuka, ndiyo miaka niliyoipenda kazi.

Tuliomba apewe ajira rasmi. Barua zilikwenda, zikarudi: hana cheti cha kidato cha nne. Tuliomba tena, zikarudi tena. "Mimi nitafagia," alisema, "ninyi ulizeni." Mwaka 2018 mgongo ulimshinda, akarudi kwao. Lile boksi lilikaa ukutani hadi wodi ilipopakwa rangi, halafu sikuliona tena.

Mwaka huu baada ya mavuno nilipanda basi kwenda Igunga kumtafuta. Nilimkuta uani kwake anaanika mpunga. Nilimwita, akainua kichwa lakini macho hayakunipata. Yalikuwa na ukungu mweupe. Alinijua kwa sauti, akanikumbatia huku akinipapasa uso.

"Hospitali umekwenda?" niliuliza.

"Nitakwenda na nani? Elieth yuko kwa mumewe, mbali. Na siku hizi wanasema haraka, Sista. Naogopa kuitikia nisichokijua."

Nililala kwake siku tatu, kisha nikaja naye Tabora. Nilikaa naye kwenye foleni za kliniki ya macho, tukarudishwa mara moja kwa sababu mtaalamu alikuwa safarini, tukaenda tena. Ilikuwa mtoto wa jicho. Wakamfanyia upasuaji wa jicho la kulia kwanza.

Asubuhi walipomfungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alipepesa, akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Sista," alisema, "umezeeka!"

Nilicheka mpaka muuguzi akatuomba tupunguze sauti.