Jora la Mwisho la Bafta

Kofi la kwanza lilinipata sikioni, mbele ya wageni waalikwa. La pili likaniangusha juu ya meza ya soda. Aliyenipiga alikuwa mbeba mizigo wa Kariakoo, kaka wa shoga yangu. Shoga yangu alikuwa amefariki asubuhi ile, na mimi sikuwa na habari.

Ilikuwa saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja wa Posta, siku ya kufungua maonyesho yangu ya kwanza. Picha zote zilikuwa za nguo za wanawake: kanga iliyofungwa kifuani, buibui lililotundikwa msumarini, mikunjo ya kitenge mapajani. Wakubwa walikuwa wameanza kusifu, nami nilikuwa nimevimba kichwa wiki nzima.

"Unatundika sanda za watu ukutani," alisema yule kaka, akanikamata nywele. "Dada yangu amelala ndani hana cha kuvishwa."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Miaka ile nguo zilikuwa adimu. Jora la mwisho la bafta, kitambaa cheupe cha sanda, katika duka la ushirika la mtaani kwetu nililichukua mimi, kwa barua ya kibali, eti kwa kazi ya sanaa ya taifa, nikachora picha zote juu yake. Niliipita foleni nzima iliyosimama tangu alfajiri, naye shoga yangu akiwa humo humo. Wanawake walinitukana. Yeye alicheka tu, akasema vikibaki vipande nimpe ashonee foronya.

Tulikaa nyumba moja, vyumba vinatazamana. Nguo zote nilizochora zilikuwa zake. Alikubali nimchore anavyojifunga, kwa sharti moja: "Chora kanga zangu, shoga, uso niachie mwenyewe." Aliposhikwa na homa nilimchungulia mara moja, nikampa pole, nikarudi kwenye rangi zangu; usiku wa mwisho nililala ukumbini nikitundika picha. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Kaka yake akatoa kisu cha kukatia kamba. Akapasua picha ya kwanza, akapasua ya pili. Bafta ilikuwa imekauka kwa gundi na rangi, ikakatika kama ngozi kavu, haifai hata kwa leso. Akazipiga ngumi fremu mpaka vidole vikachubuka. Wageni wakakimbilia mlangoni. Nikaokota ubao, nikampiga nao mgongoni. Akageuka akanivunja pua.

Ikabaki ile kubwa. Niliitundika nyuma ya ukumbi kama pazia, kutoka darini mpaka sakafuni, ina mistari ya mkaa tu kwa sababu gundi na rangi viliniishia. Alikuwa shoga yangu, amesimama na kanga zake mbili, hana uso. Niliipenda kuliko zote. Nikasimama mbele ya picha, nikamwambia kaka yake anikate mimi kwanza.

Aliinua kisu. Kisha akakishusha.

"Tunazika kabla ya magharibi," alisema.

Nikaivuta mwenyewe mpaka misumari ikang'oka.

Tulirudi kwa miguu kupitia Mchafukoge, yeye mbele na bafta begani, mimi nyuma na damu kifuani. Watu walitupisha bila kuuliza. Uani wanawake waliifua kwa kipande cha mwisho cha sabuni ya nyumba nzima, wakaikausha kwa pasi. Kisha waoshaji wakaniita nisaidie kumvisha, kwani hakuna aliyejua kama mimi jinsi nguo inavyomkaa. Nilipoinama, tone la damu likaanguka sakafuni, karibu kabisa na sanda. Wakanitoa nje.

Nikakaa barazani, kando ya kaka yake. Alikuwa ameufunga mkono nilioung'ata kwa kitambaa. Nilikuwa bado natamani kumpiga.

Mwoshaji akachungulia mlangoni. "Mkaa umetoka," alisema, "isipokuwa mstari wa bega. Tumeugeuzia ndani."

Kaka yake akaniuliza ni bega lipi. Nikamwambia la kushoto.