Sauti Mbili za Mtafiti wa Kwantamu

Dada mtafiti wa kompyuta ya kwantamu ana sauti mbili. Ya maabara ni kavu, ya mtu aliyechoshwa na mashine inayopozwa kupita barafu na bado ikakosea hesabu. Ya wageni ni tamu. Huwasimamisha mbele ya kioo cha maabara, hukunja mikono ya shati, akaonyesha mabomba ya rangi ya dhahabu yanayoning'inia: “Hii ndiyo itakayotutafutia dawa.” Wageni huguna kwa mshangao, naye uso humnawiri.

Juzi wageni walipoondoka alibaki mmoja, kaka yake, mikono ikimtetemeka kwa ugonjwa wa neva. “Dada, mimi si mgeni. Imefika wapi?” Mtafiti aliinamisha macho. “Inakokotoa molekuli ndogo tu, kaka. Hata kompyuta ya mezani inaziweza. Dawa bado sana.” “Sana kiasi gani?” “Labda sisi hatutaiona.” Kaka mtu akasema bila hasira, “Madaktari walitaka kunipasua wakati mwili ungali na nguvu. Nikakataa. Nikawaambia dada yangu anatengeneza mashine.” Dada alitaka kumjibu kwamba hakumwahidi kitu, lakini alikuwa amemwahidi dawa, tena mbele ya mama yao, huku anacheka. Sasa mwili ule haukubali tena kisu. Alipoinama amfunge vifungo vya koti, kaka yake aliisukuma kando mikono ya dada, akaanza kuhangaika navyo mwenyewe.