Ugonjwa wa Baba Wenye Jina Refu

Madame Odile, mwalimu wetu wa shule ya uuguzi, hupukuchua majina ya magonjwa kama mahindi: rhino ni pua, pharyng ni koo, ite ni kuwaka moto. Ni vipande vya Kigiriki cha kale, na bado vinafanya kazi hapa Katuba. Navipenda hadi naviota.

Basi baba alipougua, nilimpigia simu mama mukubwa kule Sakania kwa sauti ya daktari: "Baba iko na rhinopharyngite aiguë." Sikutafsiri. Jina lilikuwa zuri mno kuliharibu.

Kesho yake nilirudi kutoka masomoni nikakuta magodoro yametolewa uani kama ya kilio. Wamama wa kanisa walikuwa wanaimba, bukari inasongwa, na mama mukubwa, amefika na treni, analia juu ya mkeka.

Baba akatoka ndani na taulo shingoni.

"Nani alikufa?"

Nyimbo zikakatika. Mama mukubwa akanigeukia, macho mekundu. "Weye wa masomo, ile maladi mu Kiswahili banaiita namna gani?"

Nikalipukuchua jina kama nilivyofundishwa, polepole, nikiomba lisiishe. Pua. Koo.

Kabla sijafika mwisho, baba akapiga chafya.